KUSOMA PAMOJA, KUJIFUNZA KUANDIKA



Kila mara disertasyo zinaporudishwa katika kalasi, mambo ni yale yale. Wamoja wanakunja karatasi mbio mbio ili jirani asione pointi. Wengine wanacheka kwa sauti kubwa ili watu wasijue kama wanaumia. Na karibu wote wanasema neno moja: «Mimi sina zawadi ya kuandika. Fulani iko nayo, njo maana anapata.» Kisha kaye inafungwa, na tunangojea disertasyo ingine itupige tena.

Mwaka uliopita rafiki yangu mumoja, tunalala naye katika dortuari moja, alichoka kupigwa. Alikamata kitabu cha zamani, akanakili humo kurasa mbili nzima, akabadilisha maneno machache tu, akaitoa kama kazi yake. Maneno yalikuwa mazuri kabisa. Profesa alisoma, akamwita pembeni, akamuuliza: «Hii ni sauti ya nani?» Rafiki yangu alinyamaza. Alipata zero. Lakini zero haikumuumiza kama lile swali. Usiku aliniambia: «Profesa iko na haki. Kama ninaandika kwa maneno yangu, ni mabaya. Kama ninaandika vizuri, si mimi. Sasa nifanye namna gani?»

Swali lile si lake peke yake. Ni letu wote, zaidi sisi tunaokaribia Egzame ya Serikali, kwa maana huko disertasyo inatungojea, na hakuna mutu wa kumwonea jirani. Katika makala hii ninataka kueleza jibu tulilopata: mutu anajifunza kuandika kwa kusoma waandikaji wakubwa wa zamani, lakini kwa namna fulani ya kusoma, na zaidi kwa kusoma pamoja na wengine. Jibu hili hatukulitunga sisi. Liko na umri wa miaka karibu mia tatu.

KIJANA WA KIWANDA CHA CHAPA

Benjamin Franklin alizaliwa mwaka 1706 katika muji wa Boston, huko Amerika ya Kaskazini, wakati inchi ile ilikuwa ingali chini ya Waingereza. Baba yake alikuwa akitengeneza mishumaa na sabuni, na alikuwa na watoto 17. Munaelewa wenyewe: mutu mwenye watoto 17 hawezi kulipia kila mumoja masomo. Benjamin alikaa ku masomo karibu miaka miwili tu. Alipofikia miaka 12, alitiwa kwa ndugu yake mukubwa James, mwenye kiwanda cha kupiga chapa, ajifunze kazi.

Kijana huyu alipenda vitabu sana, lakini feza ya kuvinunua hakuwa nayo. Basi alifanya urafiki na vijana waliotumika kwa wauzaji wa vitabu. Waliazima kitabu mangaribi kwa siri, yeye akasoma usiku kucha, na asubui mapema kitabu kinarudi fasi yake mbele ya tajiri kukitafuta. Nyinyi munaosoma chini ya blanketi na toche, mujue kwamba hamukuanzisha ninyi!

Alikuwa na rafiki mwenye kupenda mabishano kama yeye, jina lake Collins. Siku moja walibishana juu ya neno hili: je, inafaa wasichana wasomeshwe kama wavulana? Franklin alisema inafaa. Collins alisema hapana. Walipoachana bila kusikilizana, wakaendelea kubishana kwa barua. Baba ya Franklin alizikuta zile barua, akazisoma. Hakusema nani iko na haki. Alimwambia mutoto wake tu kwamba katika kuandika maneno bila makosa na kutia alama za kituo yeye alimushinda Collins, lakini katika uzuri wa maneno, katika mupango na katika kueleza waziwazi, Collins alimupita mbali. Akamwonyesha mahali kwa mahali.

Tuangalie vizuri hapa. Baba hakusema: «Huna zawadi.» Hakusema tena: «Ni vizuri, mutoto wangu», ili kumufurahisha. Alimwonyesha fasi inayopunguka. Na Franklin hakukasirika. Alitafuta dawa.

DAWA ALIYOIPATA

Wakati ule alipata kitabu kimoja cha gazeti lililoitwa The Spectator. Lilikuwa gazeti la London, lililoandikwa zaidi na watu wawili, Addison na Steele, katika miaka ya 1711 na 1712, na watu walilihesabu kuwa mufano wa maandiko mazuri ya Kiingereza. Franklin alinunua kile kitabu, akakisoma tena na tena, akatamani kuandika vile. Halafu akafanya hivi:

1. Alichagua kipande kimoja, akaandika maana ya kila fungu kwa kifupi tu.

2. Akafunga kitabu, akaweka karatasi ile pembeni siku kadhaa, mupaka maneno yenyewe yatoke katika kichwa.

3. Kisha akakamata zile alama ndogo, akajaribu kuandika kipande kizima kwa maneno yake mwenyewe.

4. Mwisho akafungua kitabu, akaweka kazi yake pembeni ya ile ya mwenye gazeti, akaangalia wapi alikosea, akasahihisha.

Hapo aliona kwamba upungufu wake wa kwanza ulikuwa maneno: hakuwa na maneno mengi tayari. Basi akageuza vile vipande kuwa mashairi, kwa maana shairi linakulazimisha kutafuta neno lenye maana ile ile lakini refu zaidi ao fupi zaidi. Baadaye, alipokuwa amesahau kipande cha kwanza, akageuza mashairi kuwa maneno ya kawaida tena. Mara zingine alichanganya zile karatasi za alama bila mupango, akaziacha majuma kadhaa, kisha akajaribu kuzipanga. Kwa njia hii alijifunza mupango wa mawazo.

Alifanya hivi usiku baada ya kazi, ao asubui mbele ya kazi, ao siku ya Mungu. (Yeye mwenyewe alikiri kwamba aliepuka kwenda kanisani ili apate saa hiyo. Hapo hatumufuati, na Bwana Prefe asituhesabie!) Na aliandika baadaye kwamba mara zingine, katika mambo madogo, aliona kazi yake imepita hata ile ya kitabu, na ile ilimutia moyo kuamini kwamba siku moja atakuwa mwandikaji wa kutosha.

Ile siku haikukawia. Mwaka 1722, akiwa na miaka 16, aliandika barua ya kuchekesha kwa jina la mama mumoja mujane asiyekuwa mutu wa kweli. Akageuza mwandiko wake, akaipitisha usiku chini ya mulango wa kiwanda cha ndugu yake, mwenye kutoa gazeti. Asubui ndugu yake na marafiki wake waliisoma kwa sauti mbele ya Benjamin mwenyewe, wakaisifu, wakaanza kubahatisha nani aliyeiandika, na walitaja watu wenye elimu tu. Yeye amesimama pale, kimya, anaendelea na kazi. Barua zile zilifikia 14.

TULIJARIBU SISI WENYEWE

Nilipomueleza rafiki yangu habari hii, alisema: «Sawa, lakini sisi hatuna gazeti la London.» Kweli. Lakini katika bibliyoteki yetu tulikuwa na kitabu cha Fables za La Fontaine, kimoja tu, bila ganda, na kurasa za mwisho zimeliwa na mende. Tukakusanyika watu saba, wavulana wane na wasichana watatu, siku ya posho kisha salongo. Kwa kuwa kitabu ni kimoja, mumoja alisoma kwa sauti, wengine wakasikiliza. Tulianza na fable ya kwanza kabisa, ile ya Nyenze na Chungu, yule mududu mudogo mwenye kukusanya chakula.

Tuliandika alama kama Franklin: Nyenze, kuimba, wakati wa jua. Upepo, njaa. Kwa jirani, mukopo, ahadi. Swali la Chungu. Jibu la Nyenze. Neno la mwisho. Tukafunga kitabu juma zima. Siku ya posho iliyofuata kila mumoja akaandika hadithi ile kwa maneno yake.

Rafiki yangu alianza hivi: «Kulikuwa na Nyenze mumoja muvivu sana, asiyependa kazi hata kidogo. Chungu alikuwa mwenye bidii na akili nyingi.» Na alimaliza hivi: «Kwa hiyo, sisi vijana tufanye kazi, tusiwe kama Nyenze.» Tulisema wote ni vizuri. Kweli, karibu wote tuliandika vile vile.

Kisha tukafungua kitabu. Na hapo tuliona mambo ambayo katika kusoma mara ya kwanza hatukuyaona hata kidogo.

Jambo la kwanza: La Fontaine hasemi popote kwamba Nyenze ni muvivu. Anasema tu aliimba. Neno «muvivu» lilikuwa letu, si lake. Yeye anaonyesha mutu anafanya nini, na anatuachia sisi kazi ya kuhukumu.

Jambo la pili: hadithi nzima iko na mistari 22 tu, na mustari wa pili ni mufupi sana kuliko yote. Wakati wote wa jua wa Nyenze umeingia katika maneno machache, kisha pale pale upepo unakuja. Sisi tuliandika mistari kumi juu ya jua, maua na ndege. Raha yake ilipita mbio. Ya kwetu ilikawia mupaka msomaji asinzie.

Jambo la tatu: karibu nusu ya hadithi ni mazungumuzo. Nyenze anaahidi kulipa mukopo na faida juu. Chungu anauliza. Nyenze anajibu. Sisi tuliandika: «Chungu alikataa.» Tulitupa ngambo mazungumuzo, na pamoja nayo tulitupa uzima wa hadithi.

Jambo la ine, na hili lilitushangaza: mwisho hakuna fundisho. Chungu anamwambia jirani yake, kama aliimba, sasa aende acheze, na hadithi inakwisha pale. Tena mwandikaji anatia maneno kidogo juu ya Chungu: kwamba hapendi kukopesha, na kwamba ile ni kosa lake ndogo kuliko zote. Kumbe Chungu pia iko na makosa! Na iko na mengine makubwa zaidi! Sisi tulimufanya mutakatifu.

MABISHANO

Hapo moto ukawaka. Musichana mumoja alisema: «Kwetu, jirani akikuja na njaa, hatumuulize alifanya nini wakati wa jua. Tunamupa kwanza, tunamusemesha nyuma.» Mwingine akamujibu kwamba hata mutume Paulo aliwaandikia Watesalonika juu ya watu wasiotaka kufanya kazi. Mwingine akasema: «Lakini kuimba si kazi? Wale wanaotuimbia koro siku ya Mungu, hawafanyi kitu?» Tukabishana mupaka kengele ya chakula ikalia, na hakuna aliyetaka kusimama.

Nilipokwenda kula nilielewa sababu gani La Fontaine hakutia fundisho mwisho wa hadithi. Kama angalilitia, tungalisema «ndiyo, ndiyo» na kufunga kitabu. Kwa kuwa aliacha mulango wazi, tuliingia sisi wenyewe. Hili singaliliona nikiwa peke yangu katika kitanda changu. Nilihitaji yule dada wa njaa na yule ndugu wa Paulo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kisha tukakumbuka swali la profesa. La Fontaine hakutunga hadithi hii. Aliitoa kwa Aesop, Mugiriki wa zamani sana. Alipotoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1668, hakuficha neno hili: kichwa cha kitabu chenyewe kilisema kwamba ni hadithi zilizochaguliwa na kutiwa katika mashairi, wala si kwamba amezitunga. Basi, naye alinakili kama rafiki yangu? Hapana. Rafiki yangu alichukua maneno na kuficha mwenyewe. La Fontaine alichukua hadithi waziwazi, akaacha maneno, akatia jicho lake mwenyewe. Mwizi anachukua mavuno. Mwanafunzi anaomba mbegu, anarudi kuilima katika shamba lake. Wazee wetu wanafanya vile kila siku: hadithi ya Sungura ni moja, lakini nenda usikilize kwa bibi yako na kwa bibi yangu, utasikia hadithi mbili.

KWA SABABU GANI PAMOJA?

Franklin mwenyewe hakukaa peke yake. Mwaka 1727, alipokuwa Philadelphia na miaka 21, alikusanya marafiki katika kikundi kilichoitwa Junto. Walikuwa 12. Musifikiri walikuwa madokta: mumoja alitia vioo vya madirisha, mumoja fundi wa mbao, mumoja mupimaji wa udongo, mumoja alikuwa amejifunza kushona viatu. Walikutana kila siku ya tano mangaribi. Kila mumoja alipashwa kuleta swali la kuzungumuza kwa zamu yake, na mara moja kila miezi mitatu kuandika kitu cha kwake na kukisoma mbele ya wengine. Na walikuwa na sheria moja ninayoipenda sana: aliyebisha mwenzake kwa ukali, ao kusema kama vile yeye tu anajua yote, alilipa feza kidogo.

Vitabu vilikuwa haba kwao kama kwetu. Kwanza walileta kila mutu vyake katika chumba kimoja. Kisha, mwaka 1731, walianzisha bibliyoteki ya watu wote: watu 50, kila mumoja alitoa shilingi 40 za kuanza na shilingi 10 kila mwaka. Bibliyoteki ile, Library Company of Philadelphia, iko hata leo.

Kusoma pamoja kunasaidia mwandikaji kwa njia tatu. Kwanza, sikio. Ukisoma kazi yako kwa sauti mbele ya watu, unasikia wewe mwenyewe fasi fungu linachechemea. Ulimi unajikwaa pale pale ambapo mawazo yalijikwaa. Pili, macho mengi. Wewe uliona njaa, mwingine aliona kiburi, mwingine aliona ule mustari mufupi. Tatu, uvumilivu. Mutu peke yake anaacha juma la pili. Kikundi kinamungojea, na anaona haya kukosa.

Lakini sipashwe kuficha ukweli: kikundi kinaweza kuvunja mutu. Siku moja tulicheka kazi ya ndugu mumoja wa kalasi ya tatu, kwa sababu alichanganya Kifaransa na Kiswahili katika fungu moja. Alikaa majuma matatu bila kurudi. Tukamwendea, tukamuomba musamaha. Tangu siku ile tuko na sheria yetu: mbele ya kutaja kosa, utaje kwanza fungu moja uliloshika katika kichwa na sababu yake. Na usiseme «hii ni mbaya». Sema «hapa nilipotea». Maana hata anayeandika vibaya anaweza kutengeneza njia pale musomaji alipopotea, lakini na «mbaya» afanye nini?

MUTOTO WA AFRIKA KATIKA MUJI ULE ULE

Wamoja watasema: «Mambo haya ni ya Wazungu. Vitabu vyao, hadithi zao, sisi zinatuhusu nini?» Neno hilo si la kucheka, tena wanaosifu Franklin wanapashwa kujua kwamba yeye mwenyewe alikuwa na watumwa weusi katika nyumba yake miaka mingi, katika uzee wake tu, mwaka 1787, ndipo alipokuwa mukubwa wa chama cha Pennsylvania cha kupinga utumwa. Kwa hiyo ninataka kuwaelezea habari ya mutu mwingine wa Boston.

Mwaka 1761 meli ya watumwa ilifika bandarini pale kutoka Afrika ya mangaribi. Ndani yake kulikuwa na mutoto musichana mwembamba, umri wake karibu miaka saba ao minane, meno ya mbele yametoka. Jamaa moja, akina Wheatley, walimununua. Jina alilopewa na mama yake halijulikani tena. Wao walimwita Phillis, kwa jina la meli iliyomuleta. Hebu tufikiri juu ya neno hilo: kubeba maisha yote jina la meli iliyokuiba kwenu.

Binti ya jamaa ile, Mary, alimufundisha kusoma. Walikaa pamoja na Biblia, na bwana wa nyumba aliandika baadaye kwamba kwa miezi 16 tu yule mutoto aliweza kusoma hata sehemu ngumu za Maandiko. Kisha akasoma mashairi ya Milton na ya Pope, na alijifunza Kilatini. Akiwa kijana alianza kuandika mashairi yake mwenyewe. Watu weupe wengi hawakuamini kwamba mutu mweusi anaweza kuandika vile. Swali lao lilikuwa kama lile la profesa wetu, «Hii ni sauti ya nani?», lakini wao waliliuliza kwa zarau. Ilihitajiwa watu wakubwa 18 wa Boston, pamoja na gavana, watie sahihi kushuhudia kwamba maneno ni yake. Kitabu kilitiwa chapa London mwaka 1773. Katika safari ile ya London Franklin, aliyekuwa huko, alikwenda kumuona.

Alipata uhuru mwaka ule ule. Lakini kitabu cha pili hakikupata watu wa kukilipia, na alikufa mwaka 1784 katika umasikini, na miaka karibu 31 tu. Siwaelezi habari hii ili tulie. Ninaieleza kwa sababu Phillis Wheatley alikamata vitabu vya watu waliomufanya mutumwa, akajifunza humo kazi ya kuandika, na kwa kazi ile akasema yeye mwenyewe kwamba alinyanganywa kwa wazazi wake. Vitabu vikubwa havina mulinzi ku mulango. Anayesoma vizuri anaingia na kutoka na chombo, na chombo kile anakitumia kwa kazi yake mwenyewe.

NA LUGA YETU?

Disertasyo yetu ni ya Kifaransa, lakini ndoto zetu si za Kifaransa. Musifikiri ni hasara. Kugeuza maneno kutoka luga moja kwenda ingine ni kusoma kunakopita kusoma kwote, kwa maana huwezi kuruka neno usilolisikia. Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu mbele ya kuwa rais, aligeuza mchezo wa Shakespeare juu ya Kaizari katika Kiswahili, ukatiwa chapa mwaka 1963. Hakutosheka. Akautengeneza tena, na mwaka 1969 ukatoka upya kwa jina Juliasi Kaizari. Mwaka ule ule akatoa na Mabepari wa Venisi. Rais wa inchi nzima alirudi juu ya kazi yake kusahihisha! Na sisi tunachoka kuandika bruyo mara ya pili.

Katika kikundi tunafanya hivi: fable ya Kifaransa tunaiandika kwa Kiswahili, tunaiacha juma moja, kisha tunairudisha katika Kifaransa bila kitabu. Utaona mara moja maneno gani yanakukosekana. Ni lile zoezi la mashairi la Franklin, kwa njia yetu.

MWISHO

Baada ya yale mabishano ya Nyenze na Chungu, kila mumoja aliandika jibu lake. Rafiki yangu hakuandika juu ya wadudu. Aliandika juu ya bibi yake. Mwaka mumoja wa njaa, jirani ambaye hakulima alikuja kuomba mahindi. Bibi alimuangalia, akaingia ndani, akatoka na vikombe viwili: kimoja cha kula, kingine cha mbegu. Akamwambia: «Hiki cha pili ukikila, usirudi hapa.» Rafiki yangu hakuandika kwamba bibi alikuwa mwema. Hakutia fundisho. Aliacha pale.

Aliposoma, hakuna aliyesema kitu kwanza. Kisha yule dada wa njaa akamuuliza: «Na jirani, alirudi?» Yeye akacheka tu, akafunga kaye.

Katika disertasyo iliyofuata alipata pointi 12 juu ya 20. Si ajabu kubwa, na makosa ya Kifaransa yalikuwa bado mengi, yamechorwa na biki nyekundu kila fasi. Lakini pembeni profesa aliandika maneno mafupi: sasa ninasikia sauti yako. Ile karatasi hakuikunja. Aliiacha wazi juu ya meza.

Kikundi kinakutana kila siku ya posho, kisha salongo, katika bibliyoteki, mupaka kengele ya chakula. Mutu wa kalasi yoyote anaweza kuja, mwenye pointi nyingi na mwenye chache. Tunaomba kila mumoja alete kaye na kreyo. Na waalimu nao wakaribie: tunataka kusikia na ninyi Chungu munamuhukumu namna gani.

Mumoja wa kikundi cha kusoma, kalasi ya tano